Njia ya Bagamoyo: Mambo ya Kutazama Pwani, na Wapagazi Waliotoka Kwetu

Huenda baadhi yenu mtastaajabu kuona katika kijitabu cha Jubilei ya watu wa bara habari ndefu namna hii za pwani. Mtasema, Sisi tu watu wa Shinyanga na Geita, watu wa ng'ombe, na pamba, na machimbo. Bahari yatuhusu nini? Jibu langu ni hili: imani ilitufikia kwa miguu, ikitoka baharini, nayo ilipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa na babu zetu wenyewe miaka mingi kabla Padre wa kwanza hajaiona. Siku hizi, kwa kuwa barabara ni nzuri, Wakristo wengi wa parokia zetu hupanda basi kwenda hija Bagamoyo. Wakirudi huleta picha za vitu vitatu: msalaba wa ufukoni, mnara wa kanisa la kale, na mbuyu mkubwa. Ukiwauliza, Je, babu zenu waliacha nini mahali pale? hunyamaza, maana hakuna aliyewaeleza. Basi nimeandika habari hizi ili walimu wa dini na walimu wa shule wapate neno la kuwaambia watu kabla basi halijaondoka.

Yafaa kwanza tuwajue hao waliokwenda. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kuwaita watu wote wa kwetu Wanyamwezi, wakiwa Wanyamwezi wenyewe, au Wasukuma, au Wasumbwa. Jina la Wasukuma si jina la ukoo. Maana yake ni watu wa kaskazini tu, na waliowaita hivyo ni jirani zao wa kusini. Wote hawa walikuwa wasafiri tangu zamani. Walikwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi. Walinunua majembe kwa Walongo wa Uzinza, yaani nchi ambayo leo ni Geita na kando zake, ambako wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuru za udongo. Na majembe hayo yalikwenda mbali sana, yakatumika kuolea na kulipia vitu kama tutumiavyo fedha. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Mwarabu au Mzungu ndiye aliyewafundisha watu wetu kufunga mzigo. Pembe za ndovu zilipoanza kutakiwa pwani kwa bei kubwa, wao wenyewe ndio waliozichukua kushuka nazo, na njia waliipasua wao. Waarabu waliwafuata kwenda bara wakipita katika nyayo zao, ndipo wakajenga kule Unyanyembe, karibu na Tabora.

Kazi ya upagazi ilikuwa kazi ya mtu huru. Jambo hili nalitilia nguvu, kwa kuwa wengi wakisikia habari za misafara hufikiri minyororo tu. Minyororo ilikuwapo, nitaisema mbele kidogo. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi au wa Kisukuma alipatana ujira wake, alipokea nguo zake, na akionewa aliutua mzigo akakimbia, na mwenye msafara akabaki akilia porini. Mzigo wake ulikuwa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, na juu yake aliongeza mkeka, chungu, na chakula chake. Pembe kubwa ilichukuliwa na mtu mwenye nguvu begani, nayo pengine ilifungwa kengele, ikilia kwa kila hatua. Mbele ya wote alikwenda kiongozi mwenye bendera na mavazi ya fahari, wala hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Kijana ambaye hakuwahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto, wasichana walimcheka. Kwa hiyo waliondoka baada ya mavuno, jua lilipokausha njia, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima.

Safari ilikuwa ya miezi mitatu, mmoja zaidi au pungufu. Kutoka Tabora kuelekea mashariki kulikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, mwendo wa siku nyingi bila maji ya kutosha. Baada yake ilikuja nchi ya Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita, na mashauri ya hongo yaliweza kuwaweka watu siku tatu au nne chini ya mti mmoja. Kisha Mpwapwa, kisha milima ya Usagara, kisha mabonde yenye tope na homa. Ndui iliua wengi. Mpagazi aliyeanguka hakuzikwa kwa jiwe wala kwa msalaba; wenzake waligawana mzigo wake wakaendelea. Ndiyo maana katika njia yote ile, yenye zaidi ya maili 500 kutoka Tabora hadi pwani, huoni kaburi moja lenye jina la mpagazi, na hali yao walikufa kwa maelfu.

Sasa tufike Bagamoyo. Mji huu wa pwani umeelekea kisiwa cha Unguja, na mwendo wa kuvuka si mrefu, mashua hupita kwa siku moja. Hii ndiyo sababu ukawa mlango wa njia yetu. Kuhusu jina lake watu hushindana hata leo. Wote wakubali kwamba limetoka katika maneno bwaga moyo. Lakini wengine husema ni neno la mtumwa, aliyeuacha moyo wake bara kwa kuwa hataiona tena nchi yake. Na wengine husema ni neno la mpagazi, aliyefika mwisho wa taabu, akautua mzigo na moyo wake ukapumzika. Mimi naegemea upande wa mpagazi, maana waliouingia mji ule kwa hiari wakiimba walikuwa wengi kupita waliouingia wamefungwa, na kila mwaka waliufanya uwe mji wa watu wa bara. Katika miezi ya kiangazi walipanga vibanda vyao vya makuti na majani pembeni mwa mji, wakacheza ngoma zao, wakanunua merikani, ile nguo nyeupe iliyopewa jina la nchi ya Marekani ilikofumwa, na kaniki, na shanga, na nyaya za shaba. Hata hivyo siwezi kumshinda kwa hoja yule asemaye ni neno la mtumwa. Huenda neno moja lilisemwa na vinywa viwili.

Kabla ya Bagamoyo palikuwapo Kaole, maili tatu hivi kusini mwake. Mahali hapa pasipitwe. Yako magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, ya zamani sana, kuanzia karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo ndefu zilizosimama, na katika nguzo hizo zamani zilitiwa bakuli za Kichina kuwa pambo, ishara ya kwamba mji huu ulikuwa na biashara na nchi za ng'ambo kabla ya Mreno yeyote kufika. Ni jambo jema Wakristo wetu waone kwamba Waswahili walikuwa na miji ya mawe na elimu ya kuandika miaka mingi kabla ya misioni. Mgeni anyamaze mbele ya makaburi hayo kama apendavyo watu wanyamaze mbele ya makaburi yake.

Kutoka Kaole, mnamo Juni 1857, waliondoka Waingereza wawili, Burton na Speke, kutafuta maziwa makubwa. Mwaka uliofuata Burton aliugua akabaki Tabora. Speke akaja kaskazini peke yake na wapagazi wake, akazipita nchi zilizo kati ya Tabora na Nyanza, ambazo sehemu yake leo ni Mkoa wa Shinyanga, na tarehe 3 Agosti 1858 akayaona maji karibu na Mwanza. Vitabu husema kwamba siku ile alilivumbua ziwa, akalipa jina la malkia wake. Walimu, nawasihi muyafundishe maneno hayo kwa uangalifu. Waliomwongoza walijua waendako, na wavuvi aliowakuta pwani ya Nyanza walikuwa wamekwisha kula samaki wa asubuhi.

Katika mji wa Bagamoyo penyewe iko mitaa ya nyumba za mawe yenye milango ya kuchongwa, mingine imetunzwa na mingine inaanguka. Iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Mwarabu mwenye mali karibu na mwaka 1860, halafu ikawa ya serikali ya Sultani, na baadaye ya Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Iko nyumba ya misafara, ambamo wasafiri na mizigo yao walipokelewa. Iko Boma la Wadachi, la mwaka 1897, jengo kubwa lenye roshani, ambalo mvua na upepo wa bahari vimelila vibaya. Mtaonyeshwa pia mahali pa kunyongea watu waliopigana na Wadachi katika vita vya Abushiri, vita vilivyoanza mwaka 1888 wakati Kampani ya Kidachi ilipoitwaa pwani kwa nguvu. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo ukawa makao makuu ya utawala wa Wadachi mpaka mwaka 1891, ndipo wakahamia Dar es Salaam, ambako bandari ina kina cha kutosha marikebu kubwa.

Habari za utumwa zataka moyo mtulivu. Watu waliouzwa walipita hapa, na wengi walitekwa katika vita vya bara. Na si haki kusema kwamba waliowateka walikuwa wageni tu, maana watemi wa kwetu nao waliuza watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia mkono katika mapatano na Waingereza, na mahali pa soko lile Waanglikana walijenga kanisa lao kubwa, ambalo hata leo mgeni aweza kulitembelea. Lakini mjue kwamba waongozaji wa watalii, kwa kupenda kuwasisimua watu, pengine huonyesha shimo au pango na kusema, Hapa watumwa walipitishwa chini ya ardhi mpaka baharini. Maneno ya namna hiyo wenye kuchunguza historia wengi hawayakubali. Mwalimu mwenye kuongoza watoto awazoeze kuuliza, Jambo hili limejulikanaje? Huzuni ya kweli inatosha.

Twende sasa misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu mwaka 1863, chini ya Padre Anton Horner, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Mahali pakawa padogo, na tarehe 4 Machi 1868 Padre Horner na Padre Baur wakaanzisha misioni Bagamoyo. Walilima, wakapanda minazi na mazao mengi mageni, wakajenga kijiji cha watu waliopewa uhuru, wakafundisha useremala, uashi, na uhunzi. Aprili 1872 kimbunga kikuu kiliipiga pwani ile na Unguja, kikabomoa karibu kila kitu, na kazi ikaanzwa tena. Njia ya miembe itokayo ufukoni hata kanisani ilipandwa katika miaka ile ya kwanza, na kivuli chake ni kizito mpaka leo. Nyumba kubwa ya Mapadre ilianzwa 1873. Nyumba ya Masista, ya mwaka 1876, sasa ni makumbusho. Mle ndani muwe na saa nzima, maana yamo maandishi, picha za kale, na minyororo ya chuma ambayo ukiishika hutaisahau. Kanisa jipya la mawe lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Na nyuma yako makaburi ya wamisionari. Someni umri wao, mtaona kwamba wengi walikuwa vijana, homa iliwamaliza kabla hawajazeeka.

Mbuyu nao una kisa chake. Ulipandwa mwanzo wa misioni, na katika shina lake waonekana mnyororo uliomezwa na gome. Wageni wengi, wakiuona tu, hulia wakidhani ni mnyororo wa watumwa. Sivyo, inasimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa, alikuwa akimfungia hapo punda wake, mnamo mwaka 1895, akasahau mnyororo, na mti ukaendelea kunenepa. Kisa ni kidogo, lakini nimekiweka kwa makusudi, kwa sababu chaonyesha jinsi jicho lenye haraka linavyoweza kumdhania punda kuwa mtumwa.

Ule mnara wa kanisa la kale huitwa Mnara wa Livingstone. Hapo ndipo nataka tukae zaidi. Daktari Livingstone alifariki katika kijiji cha mtemi Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzo wa Mei 1873. Watu wake, na mbele yao Susi na Chuma, wangaliweza kumzika hapo hapo na kwenda zao, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti na nguo ya tanga, wakauchukua kwa miguu zaidi ya maili elfu. Walipita Unyanyembe mwezi wa Oktoba. Huko Mwingereza mmoja mwenye cheo aliwashauri wauzike mwili Afrika, wakakataa. Katika vijiji vingine watu waliogopa kumpitisha maiti, nao wakaufunga mzigo upya ili ufanane na mzigo wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na usiku mmoja mwili ukalala katika kanisa lile. Asubuhi wenye serikali ya Kiingereza wakauchukua kwa marikebu. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa Westminster Abbey, London, na katika wote waliouchukua, mmoja tu, Jacob Wainwright, alikuwapo siku ile. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yalipokwisha.

Mimi simwonei wivu Livingstone jina la mnara. Alipinga biashara ya watu kwa nguvu zake zote. Lakini nionavyo mimi, mnara ule ni wa waliomchukua kwa haki iliyo sawa, kama si zaidi, maana yeye alilala pale usiku mmoja akiwa amekufa, na wao walifika pale wakiwa hai, miguu imepasuka, wakiwa wametimiza neno ambalo hakuna aliyewalazimisha kulitimiza. Ukiwa na watoto wa shule pale, waambie majina ya wachukuzi kwanza, halafu jina la aliyechukuliwa.

Tuje kwa habari inayotuhusu sisi kabisa. Mwaka 1874, tarehe 17 Novemba, Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa wenye mashua iliyokatwa vipande, akapita mbuga za nchi yetu, akafika Kageyi, ukingoni mwa Nyanza katika Usukuma, tarehe 27 Februari 1875. Barua aliyoiandika kutoka Buganda kuomba wamisionari ilichapishwa Uingereza mwaka ule ule. Waanglikana walitangulia, nao walilipa kwa damu, maana Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877. Kisha Kardinali Lavigerie akawatuma Mapadre Weupe. Walikaa Bagamoyo siku chache, wakisaidiwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu kutafuta wapagazi na kununua nguo za hongo, na mnamo Juni 1878 wakaondoka kwa njia ile ile ya babu zetu. Padre Pascal alifariki njiani mwezi wa Agosti. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine walikwenda Ziwa Tanganyika, na wengine, yaani Livinhac, Lourdel, Girault, Barbot, na Bruda Amans, wakashika njia ya kaskazini. Walifika Kageyi mwishoni mwa Desemba 1878. Lourdel na Amans wakavuka kwa mtumbwi, wakashuka Kigungu katika nchi ya Buganda tarehe 17 Februari 1879. Novemba 1882 Mapadre waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Mwaka 1891 ikafuata Ushirombo, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita, na hapo Askofu Gerboin alifariki mwaka 1912.

Basi msalaba ule wa ufukoni Bagamoyo, ambao watu hupiga picha mbele yake, ni mlango wa Bukumbi na Ushirombo pia, na kwa hiyo ni mlango wa parokia zote zilizozaliwa nazo. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walipokuja kwetu, na Prefektura ya Maswa ilipowekwa mwaka 1950, na jimbo lilipopewa jina la Shinyanga mwaka 1956, na Jimbo la Geita lilipoanzishwa mwaka 1984, mbegu ilikuwa imekwisha kuletwa vichwani na mabegani. Na majina ya Mapadre wanne na Bruda mmoja wa msafara wa Nyanza twayajua. Majina ya wapagazi waliowachukulia vitabu, mavazi ya Misa, na divai, hatuyajui kwa jumla. Waliandikwa katika hesabu za nguo, kama waliandikwa popote.

Hata mambo ya majuzi yafanana na hayo. Mwaka 2006 serikali yetu iliipeleka kwa shirika la UNESCO njia kuu ya biashara ya pembe na watumwa, iandikwe katika orodha ya awali ya mahali pa urithi wa dunia. Vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, na Ujiji. Ni jambo jema sana. Lakini tazameni: njia ile yaishia Ziwa Tanganyika. Tawi la kutoka Tabora kuja Nyanza, lililopita kwetu na kufika Kageyi, halimo. Mtu aweza kusema kwamba hatuna majumba ya mawe ya kuonyesha. Ni kweli. Lakini Kageyi ipo, na mawe ya ziwani yapo, na Bukumbi ipo. Kilichopungua ni watu wa kwetu wa kuisimulia na kuiandika.

Njia ya miguu iliuawa na reli. Gari moshi lilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, likianzia Dar es Salaam wala si Bagamoyo, na mji ule wa wapagazi ukalala usingizi. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 iliwarudisha watu wetu chini ya mizigo, safari hii bila hiari. Wapagazi wa majeshi walikufa kwa njaa na magonjwa kupita askari waliokufa kwa risasi. Ukifika Dar es Salaam utasikia jina la Kariakoo, sokoni. Jina hilo limetokana na lile la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, waliokuwa na kambi yao hapo. Na katikati ya mji iko sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pamoja na askari, lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari peke yake. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza ikipita Shinyanga, na tangu hapo hapakuwa na haja tena ya mtu kubeba frasila mbili mpaka baharini.

Unguja nitaisema kwa ufupi, maana wengi huivukia kwa siku moja. Pembe zilizotoka kwetu ziliishia kule, katika forodha ya Sultani, na ushuru wake ulisaidia kujenga majumba ya fahari kama Beit al-Ajaib, ya mwaka 1883, iliyosimama kuelekea bahari. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020. Ukiitazama, kumbuka kwamba ndovu wengine waliolipia zile nguzo waliuawa katika mapori ya Usukuma na Usumbwa, na leo katika nchi hizo mtoto humwona ndovu kitabuni.

Pengine neno hili la mali itokayo na kwenda zake lawagusa zaidi ninyi wa Geita. Dhahabu yenu ilijulikana tangu zamani za Wadachi. Mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hata ulipofungwa 1966, na mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Shinyanga nayo ina Mwadui, ambako Williamson alipata almasi mwaka 1940. Jina la Williamson lajulikana kwa kila mtu. Je, katika parokia zilizo karibu na machimbo, yuko anayeandika majina ya vijana wanaofukiwa katika mashimo ya wachimbaji wadogo, walikotoka, na tarehe? Kitabu cha mazishi cha parokia chaweza kufanya kazi hiyo, katekista akipenda. Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine. Kalamu ni yetu.

Walimu wanaotaka kufanya kazi hii kwa upande wa zamani wana mahali pa kuanzia. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Mapadre Weupe alianzisha katika miaka ya 1950 makumbusho ya Wasukuma pamoja na kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Watoto wa shule huweza kuona vyombo na ngoma za kale, na kujifunza habari za Bagalu na Bagika. Tena wako wazee wachache ambao babu zao waliwasimulia kwa midomo yao habari za kwenda pwani. Nimewasikia wengine kijijini kwetu: hawakumbuki mwaka, lakini wanakumbuka jina la pori, na nani aliachwa wapi, na nguo ngapi zililetwa nyumbani. Hayo yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la msimulizi na tarehe.

Kwa wale watakaokwenda hija mwaka huu wa Jubilei, nawapa mpango wa siku. Basi la kutoka Shinyanga hufika Dar es Salaam katika mchana na usiku mmoja, na wa Geita waongeze saa chache. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bagamoyo ni maili 40 na kitu. Asubuhi na mapema nendeni Kaole, kabla ya jua kali. Kisha mjini, Ngome Kongwe na nyumba ya misafara. Hapo mwalimu asimame na kusema habari za wapagazi, maana bango halitazisema zote. Adhuhuri mkae chini ya miembe. Alasiri ni makumbusho ya misioni, mnara, mbuyu, na makaburi. Mwisho shukeni ufukoni kwenye msalaba maji yakiwa yametoka. Mkisha kusali, wenye majina ya wazee wao walioishika njia ile wayasome kwa sauti, na katekista ayaandike katika daftari la parokia, na daftari hilo lirudi nyumbani.